Mwenye Sifuri

Toleo jipya lilishuka usiku,
umeme wa Soweto ukiwa umerudi kwa mara ya tatu,
nikalisoma kama mtu asomavyo barua ya mkopo:
chini kwanza, kwenye tarakimu.

Wameongeza vitenzi. Mimi naviita hivyo,
ingawa mafundi wengine husema mbinu,
na Kisamo, anayekaa dirishani, husema njia za mkato za wavivu.
Kimoja cha kuchuma jina tu kutoka kila rekodi
na kuliacha tawi lilivyo.
Kimoja cha kupasua orodha vipande viwili,
waliotimiza sharti huku, wasiotimiza kule.
Kimoja kinachouliza taratibu:
je, ni mmoja tu?

Mama yangu alichambua kahawa miaka kumi na tisa
hapa hapa Moshi, upande wa stesheni.
Ukimwambia chuja, vidole vinajikunja vyenyewe.
Punje kubwa huku, za mviringo kule,
zilizotobolewa na mdudu chini,
na hizo za chini nazo zilikuwa na gunia lake,
zilipimwa, ziliandikwa.
Shika, tazama, tupa, rudi mwanzo.
Kitanzi, ndivyo tunavyokiita katika kazi yangu,
na aliyechagua neno hilo hakukosea.

Nami nilikuwa na kitanzi changu, mistari arobaini na mmoja,
nilichokiandika msimu wa kwanza wa ushirika.
Kilipita kwa wakulima mia mbili na kumi na watatu
wa Uru na Kibosho, mmoja mmoja,
kama padri na komunyo:
kilo, daraja, bei, deni la mbolea.

Asubuhi nikakifuta.
Mistari mitatu ikakaa mahali pake:
chuja, panga kwa kijiji, jumlisha.
Inasomeka kama sentensi.
Nilimwita Kisamo aone. Nilimnunulia hata chai.

Saa nne ripoti ikatoka, safi,
wakulima mia mbili na kumi na wawili.

Nikahesabu tena.
Kilo hazikupungua hata gramu.
Pesa zile zile, bei zile zile,
mtu hayupo
na hakuna kilichopungua.

Nikarudi kwenye kumbukumbu ya mabadiliko,
ambako tulivyovifuta huendelea kuishi kwa rangi nyekundu.
Mstari wa ishirini na saba, maelezo madogo,
mkono wangu, ingawa sikumbuki kuyaandika:
usimruke mwenye sifuri.

Apolonia Kiwia, namba 0148, Uru Kaskazini.
Chulebuni ilipita shambani kwake mwezi wa sita.
Hana kilo.
Ana deni la mifuko miwili,
ana kura moja kwenye mkutano mkuu,
ana miche mia na ishirini ya mbegu mpya
atakayopewa mwezi wa tatu
jina lake likiwepo.

Kichujio hakikumchukia.
Kiliulizwa nani ameleta, kikajibu kweli.
Swali lilikuwa langu.

Kisamo akapuliza chai. Rudisha kitanzi, akasema,
cha zamani kina macho.
Sikurudisha. Kitanzi hakikuwa na macho,
kilikuwa na mstari wa ishirini na saba,
na siku ile nilipouandika pengine nilitoka kupigiwa simu
na mtu wa Uru, akilia au akifoka, sijui.

Nikaondoa chuja, nikaweka pasua.
Walioleta huku. Ambao hawakuleta kule.
Chapisha zote mbili, karatasi moja, herufi ukubwa mmoja.

Orodha ya pili ikatoka fupi
hata mashine ya kuchapa ikadhani imekosea,
ikalia, ikasubiri nibonyeze tena.

Kwa udadisi tu nikakijaribu kile kitenzi cha tatu.
Je, ni mmoja tu?

Ndiyo, kikasema.